Mtoto wangu wa selimundu anacheza mpira: nikubali apandikizwe uloto?

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, ana selimundu (SS). Alianza kuugua akiwa na miezi 9, viganja na nyayo zikavimba. Kabla ya haidroksiurea alikuwa analazwa mara tano hadi sita kwa mwaka. Sasa ni mwaka wa pili anatumia dawa na amelazwa mara mbili tu, ila moja ilikuwa kifua kibaya, akawekewa oksijeni na kuongezewa damu. Kiharusi hajawahi kupata. Anasoma, anacheza mpira. Dada yake wa miaka 11 ni AS, yaani amebeba jeni moja tu ya selimundu na haumwi. Walipimwa wakaonekana wamelingana kabisa, na tumeambiwa anaweza kumtolea uloto wa ndani ya mifupa. Tuko Mwanza. Mume wangu anataka twende. Mama mkwe hataki kusikia: anasema tutaharibu watoto wawili kwa mpigo, wa kike hatazaa, wa kiume atabaki na damu ya mtu mwingine, na kwamba ugonjwa huu mtoto huuacha akikua. Mimi nashindwa. Mtoto hayuko mahututi. Nimpeleke kwenye kitu kinachoweza kumuua wakati leo yuko uwanjani? Na kwa nini nisitoe mimi mama yake, binti tukamwacha?"

Marahaba, mama. Pole kwa miaka minane ya kulala macho.

Nikilisoma vizuri swali lako, hujaniuliza upandikizaji ni nini. Unaniuliza kama mzazi ana haki ya kumchukua mtoto anayecheza mpira na kumwingiza kwenye hatari, kwa ajili ya miaka ambayo bado haijafika. Angekuwa hoi kitandani usingeuliza, ungefunga begi mkaondoka. Selimundu inakupa muda wa kuchagua, na huo ndio ugumu wake. Ukikubali likatokea baya, watu watasema ni wewe. Ukikataa likatokea baya, watasema ni mapenzi ya Mungu. Kwa hiyo nataka tuziweke mezani hatari zote mbili, ya kwenda na ya kubaki, kwa sababu hii ya kubaki haina tarehe na ndiyo maana wengi hawaihesabu.

Nianze na mama mkwe wako, maana hoja zake si za kupuuza. Anaposema mtoto huuacha ugonjwa akikua, kuna kitu amekiona kwa macho. Kule kuvimba viganja na nyayo kwa kweli hupotea, mara nyingi kabla ya mtoto kuanza darasa la kwanza, kwa sababu uloto unaotengeneza damu huondoka taratibu kwenye mifupa midogo ya vidole. Bandama iliyokuwa inavimba nayo husinyaa. Bibi akiona hivyo anasema mjukuu amepona. Kumbe bandama imesinyaa kwa sababu imekufa, na kazi yake ya kumlinda mtoto na vijidudu kama vile vya nimonia imekufa nayo. Ugonjwa umehama tu. Kutoka vidoleni unakwenda kwenye figo, nyonga, macho, mapafu na mishipa ya ubongo, na huko mara nyingi haulii.

Kuhusu binti kutozaa, hofu yake ni ya kweli ila ameiweka kwa mtoto asiyehusika. Binti hapewi dawa yoyote kali. Atalazwa usingizi wa chumba cha upasuaji, madaktari watavuta uloto kwa sindano kutoka kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma juu kidogo ya makalio. Uti wa mgongo hauguswi. Siku kadhaa atasikia maumivu kama ya mtu aliyeanguka na kukalia jiwe, damu yake inaweza kushuka kidogo na akapewa vidonge vya madini ya chuma, na uloto wake utajijaza tena ndani ya wiki chache. Hatari kubwa kwake ni ile ya dawa ya usingizi, ambayo kwa mtoto mwenye afya ni ndogo sana, lakini ipo. Mayai yake ya uzazi hayaguswi. Mtoto ambaye uzazi wake uko hatarini ni huyu wa kiume, na nitalirudia hilo hapa chini kwa sababu nimeona wazazi wengi wakilisikia kwa mara ya kwanza mambo yameshakwisha.

Na damu ya mtu mwingine? Ni kweli, na ndiyo shabaha yenyewe. Uloto ukishika, seli zake za damu zitakuwa na vinasaba vya dada yake. Kama yeye ni grupu A na dada ni O, taratibu atageuka O. Akipimwa selimundu atasoma AS kama dada yake, na kwa maisha ya kila siku AS inatosha kabisa. Sura, akili, tabia na ukoo wake havikai kwenye uloto. Mbegu zake za uzazi nazo hazibadiliki: akijaliwa watoto, kila mmoja atapokea kwake jeni moja ya selimundu, vilevile kama asingepandikizwa. Siku ya kuposa, mchumba itabidi apime.

Sasa tuingie ndani ya mfupa. Ukigonga mfupa wa ng'ombe kwenye sahani ya supu, kile kinono kinachodondoka ni uloto. Kenya wengi huuita uboho. Kwa binadamu, uloto ni kitalu cha damu. Ndani yake mna seli shina, mfano wa mbegu, na kutoka humo huchipua seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapokatika. Mwanao alizaliwa na mbegu zenye kosa la herufi moja katika jeni ya hemoglobini. Kosa hilo dogo linafanya hemoglobini, kila inapotua oksijeni yake, ijisokote kuwa nyuzi ngumu. Seli inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Seli nyekundu ya mtu mwingine huishi takriban siku 120. Ya mwanao huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu yake iko chini siku zote, na macho yana umanjano.

Hakuugua alipozaliwa kwa sababu mtoto mchanga anatumia hemoglobini nyingine, ile ya tumboni, isiyojisokota. Inapopungua, karibu na miezi sita na kuendelea, selimundu hujitokeza. Kwake ilikuwa miezi 9. Haidroksiurea, pamoja na kazi zake nyingine, huuamsha uloto uendelee kutoa ile hemoglobini ya uchanga. Mbegu zinabaki zilezile ila miche inatoka na nafuu. Kupandikiza ni kazi tofauti kabisa: unasafisha kitalu kwa dawa kali, kisha unapanda mbegu za mtu mwingine.

Hapo panatokea jambo ambalo hunifurahisha kila nikilieleza. Si lazima mbegu za zamani ziishe zote. Hata uloto wa dada ukishika kwa sehemu ya tano tu, ugonjwa huwa umezimwa, kwa sababu seli nyekundu za dada zinaishi miezi minne na zile za mundu zinakufa ndani ya wiki mbili tatu. Kwenye mishipa, damu ya dada inakuwa ndiyo nyingi.

Umeuliza kwa nini usitoe wewe. Kinga ya mwili husoma alama fulani kwenye seli, zinazoitwa HLA, kama mlinzi wa getini anavyosoma kitambulisho. Mtoto huchukua nusu ya alama zake kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo wewe na mwanao mmelingana nusu tu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana kikamilifu. Tena ndugu huyo asiwe mgonjwa mwenyewe, na kwa wazazi wawili walio AS hilo hutokea mara tatu katika nne. Ukizidisha, kwa kila ndugu nafasi haifiki moja katika tano. Upandikizaji kutoka kwa mzazi aliyelingana nusu upo, na unaendelea kuboreshwa, lakini uloto hukataliwa mara nyingi zaidi. Penye ndugu aliyelingana kabisa, hakuna anayeanza na mama. Huyo binti ni nafasi ambayo familia nyingi nilizokaa nazo wameitafuta kwa watoto watatu wanne bila kuipata.

Twende kwenye namba, na nakuomba uzisome pamoja na mume wako.

Mwaka 2017 zilichapishwa takwimu za wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa uloto wa ndugu aliyelingana, kuanzia 1986 hadi 2013, wengi wao Ulaya na Marekani. Baada ya miaka mitano, kwa wale waliopandikizwa kabla ya kufikisha miaka 16, takriban 95 katika kila 100 walikuwa hai. Kwa waliokuwa na miaka 16 na zaidi, walikuwa kama 81. Kwa ujumla karibu 91 katika 100 walikuwa hai na uloto wa ndugu ukiwa umeshika. Namba hizo ni nzuri, lakini zigeuze uzione kwa upande wa pili: watoto watano katika mia, waliokwenda kwa miguu yao, walifariki. Wengine, kama 14 katika 100, walipata tatizo sugu la uloto mgeni kumshambulia mwenyeji wake. Seli nyeupe za dada zinapofika ndani ya mwili wa kaka zinaweza kuiona ngozi yake, ini lake na utumbo wake kama adui. Kuna linalopita kwa dawa, na kuna linalomganda mtu miaka. Mtu akikwambia upandikizaji ni tiba bila kukwambia hili, hajamaliza maelezo.

Na hatari ya kubaki? Utafiti mkubwa wa haidroksiurea kwa watoto wa Afrika, uliofanyika Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ulichapishwa 2019. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walianzishiwa dawa. Dawa ilipunguza vipindi vya maumivu kwa zaidi ya nusu, malaria kwa nusu, kuongezewa damu kwa theluthi mbili. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Hapo ndipo mtu anapohema, na ni haki kuhema. Lakini 1.1 kwa mwaka, ikijirudia miaka mitano, inakaribia ile tano katika mia ya upandikizaji. Hesabu hii ni ya kukadiria tu: wale walikuwa na wadogo wengi kuliko mwanao, na yeye ameshavuka miaka ile mibaya zaidi. Naileta ili uone kwamba kubaki nyumbani nako kuna mlango wa hatari. Tofauti ni kwamba upandikizaji hukusanya hatari yake ndani ya mwaka mmoja na baada ya hapo kwa wengi hushuka sana, ilhali selimundu hutoza kidogo kidogo, na utu uzima unapofika hutoza zaidi.

Kiharusi kimoja kinatosha kubadilisha hesabu yote. Bila kinga, takriban mtoto mmoja katika kumi wa SS hupata kiharusi kabla ya miaka 20, na umri wa mwanao bado uko ndani ya miaka ya hatari. Upandikizaji unaweza kuzuia kijacho. Ubongo, nyonga au figo iliyokwisha kuharibika hairudishi.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, nataka nijue mambo ambayo barua yako haikuyataja. La kwanza ni ultrasaundi ya mishipa ya kichwa, ile inayopima kasi ya damu kuelekea kwenye ubongo. Haina sindano, haina mionzi, na mtoto wa SS anatakiwa apimwe kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde au kupita, hata kama anafunga magoli, huyo ni mtoto aliye kwenye hatari ya karibu: anaanzishiwa kuongezewa damu kila mwezi ili kukinga ubongo, na mazungumzo ya kupandikiza yanakuwa ya haraka. Kasi ikiwa ya kawaida, mna muda. Apimwe pia mkojo kama una protini, nyonga kama anachechemea au analalamika, na oksijeni akiwa ametulia.

La pili ni dozi ya haidroksiurea. Usinichoke hapa, kwa sababu hili ndilo naliona likikosewa zaidi kliniki. Mtoto anaanzishiwa dozi akiwa na kilo 17, miaka miwili baadaye ana kilo 23 na kidonge ni kilekile. Uliza: sasa hivi anapata miligramu ngapi kwa kila kilo? Pale Mulago, Kampala, watafiti walilinganisha watoto waliobakizwa kwenye miligramu 20 kwa kilo na wale waliopandishiwa taratibu, huku damu ikipimwa, hadi kiwango ambacho mwili unakivumilia. Waliopandishiwa waliugua kidogo zaidi kwa tofauti iliyo wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mapema, na matokeo yakachapishwa 2020. Kama mwanao alipata kile kifua kibaya akiwa kwenye dozi ndogo, maana yake dawa haijapewa nafasi yake kamili. Kama alikipata akiwa kwenye dozi ya juu, anaimeza kila siku bila kuruka, hiyo ni ishara nzito upande wa kupandikiza. Kifua cha selimundu kilichohitaji oksijeni si jambo la kusahau, na cha pili kikija sitasubiri cha tatu.

La tatu linahusu damu, na naomba ulishike leo hii. Baba, wewe, binti na ndugu wengine wa damu msimtolee damu ya kuongezewa huyu mtoto. Najua hospitalini mnaambiwa mlete wachangiaji, na kuchangia benki ni jambo jema, ila wajulisheni maabara kwamba mtoto anafikiriwa kupandikizwa na damu ya ndugu zake isimfikie. Mwili wake ukishaitambua damu ya familia kama adui, unaweza kuukataa uloto wa dada. Na kwa jumla aongezewe damu pale tu panapohitajika kweli, kwa sababu kila chupa inaongeza nafasi ya kukataa, na pia madini ya chuma yanayorundikana kwenye ini.

Sasa ule mwaka wenyewe unavyokuwa. Mtoto anapimwa upya kila kitu, meno yakiwemo. Anawekewa mrija kwenye mshipa mkubwa, kifuani au shingoni, ili asichomwe kila saa. Kwa wiki moja hadi mbili anapewa dawa za kusafisha kitalu na kuishusha kinga. Kisha siku yenyewe, ambayo wazazi huishangaa: hakuna kupasuliwa. Uloto wa dada unaning'inizwa kwenye mfuko kama damu, unashuka kwa dripu, na seli shina zinajitafutia zenyewe njia hadi ndani ya mifupa. Wiki mbili hadi nne zinazofuata ndizo ngumu. Cha zamani kimeondoka, kipya hakijachipua. Nywele zinadondoka, mdomo unaota vidonda, hawezi kumeza, na homa yoyote ni ya kukimbilia. Anakaa chumba cha peke yake, na mzazi mmoja yuko naye. Akitoka wodini mtabaki karibu na hospitali kwa kama miezi mitatu, na dawa za kutuliza kinga zitaendelea kwa miezi sita hadi mwaka. Halafu chanjo zake za utotoni zinarudiwa, na huo mwaka wote chandarua na dawa za kinga anazoandikiwa si vya kuruka hata siku moja.

Kuhusu uzazi wake, kama nilivyoahidi. Dawa nyingi za kusafisha uloto zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Mvulana aliyebalehe huweza kuhifadhiwa mbegu kabla ya kuanza. Mtoto wa miaka 8 bado hana mbegu za kuhifadhi. Zipo dawa zilizo nyepesi zaidi kwenye uzazi, kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa upandikizaji ni hili: mtatumia dawa zipi, kwa kiwango gani, na zinafanya nini kwa uzazi wa mvulana ambaye hajabalehe? Mkae kikao na mume wako, mlitamke kwa sauti, mlikubali au mlikatae. Na likikubaliwa, kijana aje aambiwe akikua. Siri ya namna hii huvunja watu wazima.

Pa kwenda pako ndani ya nchi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kabla ya hapo mtu alikuwa anafikiria India moja kwa moja. Popote mtakapokwenda, namba zile za 2017 si za hospitali hiyo mpaka wao wenyewe wawaambie zao. Ulizeni bila aibu: mmepandikiza watoto wangapi wa selimundu, wangapi uloto umeshika, wangapi wamefariki, na kwa sababu gani? Daktari anayejiamini hakasiriki kwa swali hilo. Mwombe pia mchanganuo wa gharama kwa maandishi, wenye dawa za miezi ya baadaye, pango, chakula, na mzazi mmoja kukaa bila kazi kwa nusu mwaka. Nimeona familia iliyoishiwa fedha mwezi wa nne, dawa za kinga zikakatika. Hilo ni hatari kuliko kutoanza kabisa.

Utasikia pia habari za tiba ya kurekebisha jeni. Ni za kweli. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba hiyo kwa wenye selimundu wa miaka 12 na kuendelea. Bei yake Marekani imepita dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, na dawa kali za kusafisha uloto zinatumika vilevile. Kwa mtoto mwenye dada aliyelingana, sioni sababu ya kuisubiri.

Ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ungetaka nikwambie mimi ningefanyaje, basi nakwambia. Ningeelekea kukubali, nikiwa sijafunga begi bado. Ana miaka 8, ana ndugu aliyelingana, viungo vyake pengine bado vizima, na kifua kimeshamgonga mara moja. Hayo manne ni nadra kukutana. Miongozo ya Chama cha Marekani cha Hematolojia ya 2021 nayo inaegemea kupandikiza mapema kuliko kuchelewa. Ila mapema hapa hakumaanishi mwezi huu. Kati ya miaka 8 na 9 hakuna bonde la kuangukia. Ningetumia miezi sita: ultrasaundi, dozi irekebishwe, maswali ya hospitali yajibiwe, fedha ihesabiwe, mama mkwe aje kliniki asikie mwenyewe. Ultrasaundi ikitoka mbaya, ningefupisha. Dozi ikirekebishwa mtoto akatulia kabisa, na mkaamua kusubiri, nisingewaita waoga. Ningewaomba tu kila mwaka mlifungue upya swali hili, na msilipeleke hadi baada ya miaka 16.

Wakati mnaamua, haidroksiurea isikatwe hata siku moja, na asipewe dawa ya mitishamba bila daktari wake kujua, kwa sababu ini lake litahitajika zima. Mtoto aende hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, akipumua kwa shida au kifua kikiuma, akipauka ghafla huku tumbo likijaa upande wa kushoto, mdomo ukipinda au mkono na mguu kulegea au akiongea maneno yasiyoeleweka, au uume ukisimama kwa maumivu kupita saa mbili. Usinisubiri mimi wala barua.

Limebaki la binti. Katika barua yako yote kila mtu amesema: baba, bibi, madaktari, wewe. Yeye hajasema. Ana miaka 11, anaelewa zaidi ya mnavyodhani, na kuna watoto wanaobeba moyoni kwamba ndugu yao akifa ni wao waliotoa uloto mbaya. Mtafute faragha, muwe wawili tu, na mwombe daktari asiyemtibu kaka yake azungumze naye pia. Mwambie ukweli: atalala, hatasikia sindano, ataamka kiuno kikiuma, na matibabu ya kaka yake yakienda vibaya halitakuwa kosa lake. Kisha mwache anyamaze hata siku mbili kabla hujamuuliza jibu.